Walákini na Walakíni: Mkazo wa Sauti, Mkazo wa Nafsi na Swali la Nani Abebe Uzito

Utangulizi

Katika Kiswahili yapo maneno machache mno ambayo herufi zake ni zile zile, mpangilio wake ni ule ule, na bado maana zake huachana kwa sababu ya mkazo peke yake. Mfano unaopendwa na vitabu vya sarufi ni ule wa barabára, yaani njia, na barábara, yaani sawasawa. Upo mfano mwingine ambao hutajwa mara chache zaidi ingawa una mafunzo makubwa zaidi. Mtu akitamka walákini, huwa anaunganisha sentensi na kutanguliza pingamizi: limesemwa hili, lakini lipo na lile. Akitamka walakíni, huwa anataja dosari: kitu hiki, au mtu huyu, ana kasoro. Maneno yote mawili yametokana na kiunganishi kimoja cha Kiarabu. Kinachoyatenganisha ni uzito uliosogezwa kutoka silabi moja hadi nyingine.

Makala haya yanachukua tofauti hiyo ndogo ya kimatamshi na kuiuliza swali la kimaadili. Mtu anapolemewa na maisha, wanaomzunguka humsikia kwa mkazo upi? Je, husikika kama walákini, yaani pingamizi juu ya namna mambo yalivyopangwa, au husikika kama walakíni, yaani kiumbe mwenye dosari? Swali hili litajadiliwa kwa kuzingatia mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kutoka Pumwani na Kaloleni hadi Dandora na Kayole. Huko ndiko lugha ya vijana iliyobadilisha masikio ya Wakenya ilikokulia, na huko ndiko neno "jikaze" linakotamkwa asubuhi na jioni kama salamu.

Tabia za mkazo

Ni vyema kuanza na mambo ambayo isimu imekwisha kuyathibitisha. Katika Kiswahili, mkazo hukaa kwa kawaida kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi hiyo hurefuka kidogo na sauti yake husikika zaidi kuliko jirani zake. Neno likiongezwa kiambishi mwishoni, mkazo nao husogea: kíti huwa kitíni, nyúmba huwa nyumbáni, sóma huwa soméni. Kutokana na hayo zinajitokeza tabia mbili ambazo hazina budi kukumbukwa katika mjadala huu.

Kwanza, mkazo ni uhusiano. Hakuna silabi iliyo nzito ikiwa peke yake. Ki katika walakíni ni nzito kwa sababu la na ni zimekuwa nyepesi kando yake. Anayeikata silabi hiyo kutoka katika neno na kuitazama kwa darubini hataukuta uzito wowote ndani yake. Pili, mkazo wa Kiswahili hufuata nafasi, haufuati stahili. Silabi ni katika nyumbani haibebi mkazo, na ba inaubeba, si kwa sababu ba ina nguvu za kuzaliwa nazo. Ba imesimama tu mahali ambapo kanuni ya lugha huteremsha mzigo. Ingesimama kwingine, ingekuwa nyepesi, kama ilivyo ba ya kwanza katika babaye.

Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili hakitegemei sana kupaza sauti ili kutilia jambo nguvu. Kinayo njia ya kisarufi, nayo ni kishirikishi ndi-. Msemaji hahitaji kulipigia kelele jina la Juma. Husema "Juma ndiye aliyelipa," na msikilizaji akajua kwamba hakuna mwingine. Lugha hii, basi, imejaliwa chombo mahususi cha kuonyesha ni nani hasa anayehusika na jambo. Suala hilo litarejelewa.

Ukoo wa shadda na shida

Vitabu vya sarufi huuita mkazo kwa jina jingine pia: shadda. Neno hilo limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunga kwa nguvu, kuvuta kamba mpaka ikaze. Katika maandishi ya Kiarabu, shadda ni alama inayowekwa juu ya konsonanti ili itamkwe maradufu. Mzizi huo huo ndio uliotupa neno shadidi, na ndio uliotupa neno ambalo kila mkazi wa Nairobi analijua kabla ya kujua kusoma: shida. Shadda na shida ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alikwenda kwa wanasarufi, mwingine akaenda kwa walalahoi.

Dhiki nayo asili yake ni wembamba wa nafasi, mahali finyu pasipoweza kupitisha mwili. Neno la Kiingereza ambalo vijana wamelifanya kuwa stresi lina historia isiyotofautiana na hiyo, kwa kuwa limepitia Kifaransa cha kale kutoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kukazwa na kubanwa. Lilitumika kwa taabu za binadamu, kisha kwa nguvu zinazokandamiza chuma na nguzo. Katika karne ya 20 lilipata maana yake ya kitabibu kutokana na kazi ya Hans Selye, mtafiti wa Montreal, ambaye mwaka 1936 alichapisha taarifa fupi juu ya jinsi mwili unavyoitikia madhara ya namna nyingi kwa njia moja. Hivyo mwanafizikia, mwanaisimu na tabibu wakajikuta wakigawana neno moja, kila mmoja akidhani ni lake.

Hata hivyo, neno linalosema mengi zaidi ni la Kibantu. Kiswahili cha leo huita hali hii msongo wa mawazo. Kitenzi chake ni songa, chenye maana ya kubana na kushindilia, na ndicho kinachotumika kwa mwiko unaozungushwa katika sufuria ya ugali. Kutokana na kitenzi hicho hicho limepatikana neno msongamano. Ni vigumu kulisikia neno msongo pasipo kuusikia msongamano ukipiga hodi nyuma yake. Lugha imekuwa ikijua tangu zamani kwamba mahali watu wanaposongamana, na mawazo husongamana.

Mitaa na lugha yake

Historia ya Eastlands ni historia ya nafasi finyu iliyopangwa kwa makusudi. Serikali ya kikoloni iliianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mahali rasmi pa Mwafrika katika mji ambao haukumtaka akae. Nyumba za umma zilizofuata, pamoja na zile za shirika la reli, nyingi zilikadiriwa kwa kipimo cha mfanyakazi mwanamume asiye na familia. Aliyekusudiwa kulala humo alikuwa nguvukazi, na nguvukazi haina mke wala mtoto wala mama mzee anayekuja kutibiwa mjini. Familia zilikuja hata hivyo. Chumba kilichopimiwa kitanda kikalea watoto watano, na pazia likawa ukuta. Baada ya uhuru, mtaa wa Dandora ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukiwa na nia njema ya kumpa maskini kiwanja na huduma za msingi. Jaa la taka la jiji nalo likawekwa kando yake.

Katika vyumba hivyo na vichochoro hivyo ndimo Sheng ilimokomaa. Wapo wataalamu wanaoirudisha nyuma hadi miaka ya 1930, na wapo wanaoiona kuwa zao la miaka ya 1970. Wengi hukubaliana kwamba Eastlands ndiyo malezi yake. Mtoto wa Mkikuyu, wa Mluo na wa Mkamba walikutana uani, kila mmoja akitoka katika lugha ambayo toni hutofautisha maana, wakaingia katika Kiswahili kisicho na toni bali mkazo. Aidha, hutolewa hoja kwamba kijana asiye na chumba alihitaji angalau lugha yenye mlango. Hoja hiyo haielezi Sheng yote, lakini inaeleza kwa nini msamiati wake hubadilika haraka: kitasa kinachojulikana na kila mtu hakifungi.

Sheng imelaumiwa sana kuwa inaharibu Kiswahili. Ni ajabu, basi, kwamba katika suala la mkazo Sheng ni mtoto mtiifu. Kaloléni ya wazazi imekuwa Olólo, na Makongéni imekuwa Okóngo. Kiambishi cha mahali kimekatwa, lakini mkazo umerudi pale pale sheria inapoutaka, silabi ya pili kutoka mwisho. Chumba cha kupanga huitwa keja, neno linalosemekana kuwa limetokana na jina la Kiingereza la tundu la kufungia ndege au mnyama. Kijana anapokwenda huko husema anakwenda kejáni, akiusogeza mkazo kama babu wa Lamu anavyousogeza katika nyumbáni. Sarufi imehifadhiwa barábara. Kilichobadilika ni kwamba nyumba imeitwa tundu, na hilo si kosa la sarufi.

Aliyesogeza mkazo

Inawezekana kwa mwenye madaraka kuihamisha shadda ya jambo ikaangukia mahali pasipo pake. Nairobi inao mfano wa wazi. Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 kama hifadhi ya wenye wazimu, iko karibu na mtaa wa Mathare. Kwa miaka mingi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, ilikuwa chini ya daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alidai miongoni mwa mengine kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika kwa kuwa hawana mazoea ya kuibebea nafsi lawama. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake juu ya saikolojia ya Mau Mau.

Mwaka huo huo wa 1954, mnamo tarehe 24 Aprili, majeshi yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu ya watu wa mitaa ya mashariki walitolewa vyumbani, wakapangwa mistari, wakachujwa na kupelekwa vizuizini. Walikuwa na malalamiko yanayojulikana: ardhi, kipande, mishahara, makazi. Kwa maneno mengine, walikuwa na walákini. Kitabu cha daktari kilichukua neno hilo hilo, kikasogeza mkazo silabi moja, na kikasoma walakíni: watu hawa wana kasoro ya nafsi, wamenaswa kati ya mila waliyoiacha na ustaarabu wasioufikia. Haisemwi hapa kwamba hapakuwa na maumivu ya nafsi katika mitaa ile, yalikuwapo tele. Kosa lilikuwa kuyatafuta maumivu hayo ndani ya silabi na kuusahau mpangilio wa neno zima.

Itakuwa rahisi kuliona kosa hilo kuwa la wakoloni na kulizika pamoja nao. Lakini Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho Kenya iliyo huru ilikirithi na kukihifadhi, kilimfanya mtu aliyejaribu kujitoa uhai na akanusurika kuwa mhalifu. Aliyevunjika chini ya mzigo alitoka wodini akaingia mahakamani. Jopokazi la serikali lilipendekeza katika mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na bado kifungu kile kilikuwa kimesimama. Ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipokitangaza kuwa kinapingana na Katiba. Kwa zaidi ya miaka 60 ya uhuru, sheria ilitamka walakíni.

Maadili ya "jikaze"

Sheria ni mbali. Kila siku mtaani lipo neno jepesi zaidi linalofanya kazi ya namna hiyo. Ichukuliwe kwamba mama mmoja wa Kayole amefukuzwa kazi ya kufua, kodi ya mwezi wa pili imemfika, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo. Jirani humwambia: "Mama Kevo, jikaze." Mwenye nyumba humwambia: "Mama Kevo, jikaze." Mwajiri aliyemfukuza, wakikutana njiani, humwambia vivyo hivyo. Neno ni moja, lakini je, limesemwa jambo moja?

Hapana budi kulitendea haki neno hili. Uvumilivu ni tunu. Wahenga walisema kwamba mstahimilivu hula mbivu, na mitaa ya Eastlands isingesimama mpaka leo bila watu waliojikaza: wauza mitumba wa Gikomba wanaofungua marobota kabla ya alfajiri, mafundi wa jua kali, mama wa mboga anayejua kugawa sukumawiki ya shilingi kumi ikalisha watu sita. Atakayewaona watu hawa kuwa wagonjwa tu anayafanya yale yale ya Carothers kwa upole zaidi. Jirani anapomwambia mwenziwe ajikaze, mara nyingi ameshika ncha nyingine ya kamba hiyo hiyo. Kauli yake ni ya wingi hata kama umbo lake ni la umoja. Maana yake ni: na mimi pia nimekaza, tusiachie.

Walakini sarufi ya neno inafichua hatari yake. Kiambishi -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Katika "jikaze" hakuna nafasi ya mtu wa tatu. Aliyeivuta kamba ametoweka katika sentensi, na amebaki mama peke yake, akijivuta mwenyewe kutoka ncha zote mbili. Kauli ya kutendwa, kwa upande mwingine, huacha mlango wazi. Akisema "nimebanwa," msikilizaji hulazimika kuuliza: umebanwa na nani? Hata hapo lugha inaweza kuchezewa, maana mtu husemwa "amesongwa na mawazo," kana kwamba mawazo ndiyo yaliyopandisha kodi. Kwa sababu hiyo, neno "jikaze" linapotoka kwa yule aliyeongeza mzigo, huwa amri ya kunyamaza iliyovishwa kanzu ya nasaha.

Wanafunzi wa Kenya hufundishwa kupamba insha zao kwa msemo "kujikaza kisabuni". Mhusika hufiwa, hufukuzwa, hupigwa, naye hujikaza kisabuni, na mwalimu humtunuku mwandishi alama ya msamiati. Ni nadra picha iliyomo katika msemo huo kutazamwa hadi mwisho. Sabuni ya mche hukauka ikawa ngumu kweli, lakini kila inapofua hupungua. Nguo hutakata, na sabuni huisha. Ugumu wake haujawahi kuizuia kuisha. Jamii inayomsifu mtu kwa ugumu wa sabuni haina budi kujibu swali hili: ni nguo za nani zinazofuliwa?

Wanaume hulipa deni hili kwa namna yao. Mvulana huambiwa mapema kwamba mwanamume halii, na kwa hiyo shadda yote huielekeza ndani, mahali ambapo haisikiki mpaka siku inapokatika. Kamba hukatikia pembamba. Methali hiyo hutumiwa kumlaumu aliye mwembamba, ilhali haisemi kwamba wembamba ndio ulioivuta kamba.

Wajibu wa uhakiki

Je, haya yanahusu nini uhakiki wa fasihi? Yanahusu mengi, kwa kuwa mhakiki kazi yake ni kusikiliza mkazo. Riwaya za mwanzo za Euphrase Kezilahabi, na hasa Kichwamaji ya 1974 ambayo Kazimoto anaimaliza kwa kujiua, zimeleta mjadala mrefu: je, kukata tamaa kwa wahusika hao ni udhaifu wao, ni ugonjwa wa mwandishi, au ni pingamizi juu ya dunia waliyopewa? Anayehitimisha haraka kwamba Kazimoto ni mhusika dhaifu ameshautamka mkazo wake. Huenda yuko sahihi. Lakini anawiwa kueleza kwa nini ameuweka uzito pale, maana njia ya kulitamka neno hilo haikuwa moja.

Ushairi wa kimapokeo unatoa funzo jingine. Kanuni zake, kama alivyozifafanua Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954, huhesabu mizani, hazihesabu mkazo. Katika mshororo wa mizani 16, kila silabi ni moja, nzito na nyepesi. Isitoshe, kina hukaa kwenye silabi ya mwisho wa kipande, ile ambayo katika usemi wa kawaida haibebi mkazo. Silabi iliyo kivulini ndiyo inayoufunga ubeti. Malenga wa pwani hakuandika kanuni hiyo kwa ajili ya siasa, walakini ndani yake mna hekima ya kijamii: ipo hesabu ambamo kila silabi ina haki ya kuhesabiwa moja.

Vijana wa Dandora waliitikia kwa njia yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka, ambalo katika jina lake sikio la Mswahili husikia kula na mashaka, lilifoka kwa Kiswahili na Sheng juu ya maisha ya mtaa. Sanaa ya kufoka, tofauti na shairi la mizani, huangusha mkazo wa neno juu ya pigo la ngoma. Uzito uliokuwa umefichwa chumbani ukasikika hadharani. Hawakuwa wakijikaza, walikuwa wakikaza sauti, na tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa.

Hitimisho

Imeonekana kwamba mkazo wa sauti na mkazo wa nafsi vina ukoo mmoja wa maneno na tabia zinazofanana: vyote ni uhusiano, na vyote huangukia nafasi bila kuuliza stahili. Mfanano huo una mpaka wake. Silabi haiumii, mtu huumia. Silabi haiwezi kuukataa mkazo wake, na kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho haikutungwa na mtu yeyote anayeweza kuulizwa. Kanuni zilizoamua vyumba vya Pumwani viwe na upana gani, na jaa la jiji likae kando ya nyumba za nani, zilitungwa na watu, zikatiwa saini na watu, na zinaweza kuandikwa upya.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa msikilizaji si kumwambia aliyelemewa ajikaze, wala si kumhurumia kama kitu kilichovunjika. Ni kumsikia sawasawa, kisha kukitumia kile chombo ambacho Kiswahili kimempa kila msemaji wake, kishirikishi ndi-: hiki ndicho kilichombana, hawa ndio walioivuta kamba. Mama wa Kayole anapofungua kinywa, neno linalotoka ni moja na herufi zake hazibadiliki. Anayemsikiliza ndiye atakayeamua kama amesikia walakíni au walákini.